Kufia, Kumfia na Kufiwa: Maombolezo ya Steve Irwin kwa Jicho la Mnyambuliko wa Kutendea

Ikisiri

Steve Irwin, mtangazaji wa Australia aliyejulikana kwa vipindi vya runinga kuhusu mamba, nyoka na wanyamapori wengine, alifariki dunia tarehe 4 Septemba 2006 baada ya kuchomwa kifuani na mwiba wa taa. Kifo chake kiliombolezwa na watu wengi ambao hawakuwahi kukutana naye. Makala haya yanauliza kama watu hao walikuwa wafiwa kwa maana kamili ya neno hilo, au walikuwa watoa rambirambi tu. Ili kujibu swali hilo, makala yanachunguza maana tatu za kitenzi kufia, yaani kufia mahali, kufia jambo na kumfia mtu, pamoja na umbo lake la kutendewa, kufiwa. Inaonyeshwa kwamba mijadala iliyozuka baada ya kifo hicho ilihusu maana hizo tatu, moja baada ya nyingine. Makala yanahitimisha kwamba runinga inaweza kumfanya mtazamaji kuwa mfiwa, lakini inamwacha bila mtu wa kumhani.

1. Utangulizi

Katika jamii za Waswahili msiba una ngazi zake. Yupo mfiwa, ambaye kifo kimemgusa moja kwa moja. Yupo mwombolezaji, anayelia pamoja na mfiwa. Yupo pia mtoa rambirambi, anayefika kumhani mfiwa, kumpa mkono wa pole na kuondoka. Ngazi hizi zinaonekana katika mahali anapokaa mtu matangani, katika maneno anayoambiwa na katika muda anaotarajiwa kubaki. Mfiwa huambiwa pole. Mtoa rambirambi ndiye anayeisema. Ni nadra mtu mmoja kuwa pande zote mbili.

Mpangilio huo unatikisika anapokufa mtu wa runinga. Irwin alipofariki, watu walifika kwa wingi kwenye lango la Australia Zoo, hifadhi ya wanyama ya familia yake iliyoko Beerwah katika jimbo la Queensland. Walileta maua, mishumaa, barua na wanasesere wa wanyama. Wengine walitundika mashati ya kaki, vazi aliloonekana nalo katika takriban kila kipindi, wakiwa wameandika juu yake maneno ya kumuaga. Wengi wao walimfahamu kwa njia ya kioo tu. Je, walifika kuihani familia, au walikuwa na msiba wao wenyewe?

Swali hili mara nyingi hujibiwa kwa saikolojia au kwa sosholojia ya vyombo vya habari. Hapa tunaanzia kwenye sarufi, kwa sababu Kiswahili kimelijengea jibu lake ndani ya kitenzi. Madhumuni yetu si kudai kwamba waombolezaji wa Australia walifikiri kwa Kiswahili. Tunachodai ni kwamba Kiswahili kinatupa zana ya kutenganisha mambo ambayo katika maombolezo hayo yalichanganyika.

2. Maana tatu za kufia

Kitenzi kufa ni sielekezi: kina mtendwa mmoja tu, naye ni yule anayekufa. Kikiongezewa kiambishi cha utendea kinakuwa kufia, na hapo kinafungua nafasi ya kitu cha pili katika tungo. Nafasi hiyo hujazwa kwa njia tatu.

Kwanza, hujazwa na mahali, kama katika tungo Alifia baharini. Pili, hujazwa na jambo ambalo kwa ajili yake mtu ameyatoa maisha yake, kama katika Aliifia nchi yake. Tatu, hujazwa na mtu ambaye kifo kimemwangukia, kama katika Mtoto amemfia. Katika maana hii ya tatu anayekufa hakukusudia lolote. Kiambishi cha utendewa -m- kinamtaja mtu aliyebaki, ambaye ndiye anayeubeba uzito wa tukio.

Maana ya tatu ndiyo inayozaa umbo la kutendewa: Mama amefiwa na mtoto. Umbo hili si la kawaida. Hakuna umbo la kutendwa linalotokana moja kwa moja na kufa, kwa kuwa kufa hakuna mtendwa wa kugeuzwa kiima. Ni kiambishi cha utendea kinachomwingiza mwathirika, kisha kiambishi cha kutendwa kinampandisha na kumfanya kiima cha sentensi. Matokeo yake ni kwamba katika kufiwa habari kuu inamhusu aliye hai, na marehemu anakuja baadaye, akitanguliwa na kiunganishi na.

Vipo vitenzi vingine vyenye umbile hilo. Mvua ikimnyeshea mtu, mtu huyo amenyeshewa. Jua likimchwea msafiri njiani, msafiri amechwewa. Vitenzi hivi vinaeleza tukio ambalo halina mkono wa mtu, na ambalo hata hivyo linamkuta mtu mahali alipo. Vina sharti moja kwa pamoja: mwathirika lazima awe ndani ya eneo la tukio. Mtu wa Tanga hanyeshewi na mvua ya Bukoba. Vivyo hivyo, mtu hafiwi na kila anayekufa. Anafiwa na baba, na mke, na jirani, na rafiki. Kwa upanuzi, chama au taifa huweza kufiwa na kiongozi wake. Eneo la kufiwa si la kijiografia. Ni eneo la uhusiano. Swali la makala haya basi linaweza kuwekwa upya hivi: ni kwa njia gani mtazamaji wa runinga anaingia katika eneo hilo?

3. Kufia mahali

Kabla ya kulijibu, tuanze na maana ya kwanza, kwani ndiyo iliyotangulia katika habari zenyewe. Irwin alizaliwa tarehe 22 Februari 1962 katika eneo la Melbourne. Mwaka 1970 wazazi wake, Bob na Lyn, walihamia Queensland na kuanzisha bustani ya reptilia ambayo baadaye ikawa Australia Zoo. Alikulia miongoni mwa nyoka na mamba, na alipokuwa kijana alijitolea katika mpango wa serikali wa kuwakamata mamba waliokaribia makazi ya watu na kuwahamisha. Mtu wa namna hiyo, kwa fikra za wengi, angefia mtoni, katika taya za mamba.

Haikuwa hivyo. Alifia kwenye mwamba wa matumbawe wa Batt Reef, nje ya pwani ya Port Douglas. Alikuwa katika safari ya kutengeneza filamu kuhusu viumbe hatari wa baharini, na hali mbaya ya hewa ilikuwa imeisimamisha kazi hiyo. Akautumia muda huo kupiga picha za kipindi alichokuwa akikiandaa binti yake, Bindi. Katika maji yasiyo na kina alimfuata taa, na samaki huyo akampiga kwa mkia. Mwiba ukampenya kifuani. Wenzake walimkimbiza hadi Low Isles, ambako ilithibitishwa kwamba amekwisha kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 44.

Wavuvi wa mwambao wetu wanamjua taa kuwa samaki mtulivu anayejifukia mchangani. Mwiba wake ni silaha ya kujihami, naye huutumia anapokanyagwa au anapohisi amezibiwa njia. Vifo vya binadamu vinavyosababishwa naye ni vichache sana. Hivyo mahali na namna ya kifo havikulingana na maisha ya marehemu kama watazamaji walivyoyaelewa. Kutolingana huku kuna uzito katika utanzu wa tanzia. Habari ya kifo hutafuta ulinganifu: mwanamaji afie baharini, askari afie vitani. Ulinganifu ukikosekana, waombolezaji huujenga. Ndiyo sababu kauli iliyorudiwa zaidi katika siku zile ilikuwa kwamba Irwin alifariki akifanya kazi aliyoipenda. Kauli hiyo inahamisha mzungumzo kutoka katika kufia mahali, yaani majini, na kuupeleka katika kufia jambo.

4. Kufia jambo

Hapa ndipo mabishano yalipoanza. Kwa wapenzi wake, Irwin aliifia hifadhi ya wanyamapori. Aliwafundisha watu kuwathamini viumbe ambao kwa kawaida huuawa mara tu wanapoonekana. Ni rahisi kumtetea tembo au ndege mwenye manyoya mazuri. Ni vigumu kumtetea nyoka mwenye sumu. Lugha yake ilikuwa sehemu ya utetezi huo. Kiingereza kina kiwakilishi maalumu kwa vitu na wanyama, ambacho kinawatenga na watu. Irwin mara nyingi alikiacha na kumtaja nyoka au mamba kwa kiwakilishi cha mtu wa kike, akimsifu kwa uzuri wake. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufanya jitihada hiyo, kwani mnyama katika lugha yetu hupata upatanisho wa kisarufi uleule wa mtu: mamba amelala, mtoto amelala. Alichokifanya Irwin kwa kukiuka mazoea ya lugha yake, Kiswahili kinakifanya kwa kanuni.

Kwa wakosoaji wake, hata hivyo, jambo alilolifia lilikuwa kamera. Mwandishi Germaine Greer, Mwaustralia aishiye Uingereza wakati huo, aliandika katika gazeti la The Guardian, siku moja tu baada ya kifo, akimlaumu marehemu kwa kuwasumbua wanyama katika makazi yao kwa ajili ya burudani. Lawama hizo hazikuwa ngeni. Mnamo Januari 2004 Irwin alikuwa amelaumiwa vikali baada ya kuonekana akimlisha mamba huku amembeba mwanawe mchanga, Robert, mkono mmoja. Ni hoja inayojulikana vyema katika hekima ya Waswahili: mwana akililia wembe, mpe.

Kilichowaudhi Waaustralia wengi hakikuwa hoja yenyewe pekee. Ulikuwa wakati wake. Katika mila nyingi, zikiwemo zetu, marehemu hasemwi kwa ubaya wakati wafiwa bado wamekaa chini. Mwiko huo haufuti makosa ya marehemu. Unaahirisha mjadala ili kuwalinda walio hai. Lakini mwiko huu unadhani kwamba wafiwa wanajulikana ni nani na wamekaa wapi. Greer aliandika kama mtu anayemjadili mtu wa umma mbele ya umma. Waliomjibu kwa hasira walijibu kama watu waliotukaniwa ndugu yao matangani. Ugomvi wao kwa hakika ulikuwa juu ya maana ya tatu: kama umma huo ulikuwa umefiwa au la.

5. Kumfia mtazamaji

Mwaka 1956, watafiti wa Kimarekani Donald Horton na R. Richard Wohl walieleza uhusiano ambao runinga na redio huujenga kati ya mtangazaji na hadhira, wakauita, kwa tafsiri yetu, ukaribu wa mbali. Mtangazaji humtazama mtazamaji machoni, husema naye kana kwamba wako wawili tu, humrudia kila wiki saa ileile. Mtazamaji humjua, lakini yeye hajulikani. Uhusiano unakwenda upande mmoja.

Vipindi vya Irwin viliusogeza ukaribu huo hatua kadhaa mbele. Kwanza ni namna ya kusema. Watangazaji wengi wa vipindi vya wanyama husikika bila kuonekana: sauti tulivu juu ya picha ya mbugani. Irwin alikuwa ndani ya picha, akimnong'oneza mtazamaji huku mnyama akiwa hatua chache nyuma yake. Nafsi ya pili ilitawala usemi wake. Mtu anayenong'onezwa katika hatari hawi tena mtazamaji wa nje. Amefanywa mwenzi wa safari.

Pili ni familia. Mfululizo uliompa umaarufu, The Crocodile Hunter, ulianza kuonyeshwa Australia mwaka 1996, na chimbuko lake lilikuwa picha zilizopigwa wakati yeye na mkewe, Terri, walipokwenda kukamata mamba badala ya kwenda fungate ya kawaida mwaka 1992. Mtazamaji aliingia nyumbani kwao kupitia ndoa yao. Baadaye aliwaona watoto, Bindi aliyezaliwa mwaka 1998 na Robert aliyezaliwa mwishoni mwa mwaka 2003, tangu uchanga wao. Mtoto wa Australia aliyeanza kukitazama kipindi hicho akiwa na miaka minane alikuwa ametimiza miaka 18 Irwin alipofariki. Kuna majirani wengi ambao hatuwajui kwa muda mrefu kiasi hicho, na ambao hata hivyo tunafiwa nao.

Tatu ni neno lake. Mshangao aliouzoea, Crikey, ni kihisishi cha zamani cha Kiingereza ambacho kilikuwa kimeanza kuchakaa. Alikifufua, na watoto wakakirudia. Kihisishi ni aina ya neno inayoambukiza kuliko nyingine zote, kwa kuwa hakidai sarufi. Kinadai pumzi na hisia. Anayetumia kihisishi cha mtu mwingine huazima, kwa muda, namna yake ya kuushangaa ulimwengu.

Mambo haya matatu, yaani nafsi ya pili, nyumba na neno, ndiyo yanayomwingiza mtazamaji katika eneo la kufiwa. Yanafanya kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na nasaba na ujirani. Kwa hiyo tungo Nimefiwa na Steve Irwin haina kosa la kisarufi wala, kwa mtazamaji wa namna hiyo, kosa la kimaana. Inachokosa ni ithibati ya jamii. Mfiwa wa kawaida husamehewa kazi, hutembelewa, hupikiwa. Mtazamaji aliyelia sebuleni kwake aliambiwa na wenzake kwamba hakumjua mtu huyo. Mtaalamu Kenneth Doka, mwaka 1989, aliieleza hali hii kuwa ni huzuni iliyonyimwa haki: mtu ana msiba, lakini jamii haimtambui kuwa mwenye msiba. Kwa istilahi zetu, amefiwa ila hakuhaniwa. Hilo linafafanua kwa nini watu walisafiri hadi kwenye lango la Beerwah. Walitafuta mahali ambapo kilio chao kingeonekana ni cha haki.

6. Nani aliyetajwa kuwa mfiwa

Serikali ya Queensland ilitaka kumpa Irwin mazishi ya kitaifa. Familia ilikataa. Baba yake alieleza kwamba mwanawe angependa akumbukwe kama mtu wa kawaida. Uamuzi huo unaweza kueleweka vizuri kupitia tofauti ya maneno marehemu na hayati katika matumizi ya Kiswahili, hasa nchini Tanzania. Marehemu, lenye asili ya Kiarabu na maana ya aliyerehemewa, humfaa kila mtu. Hayati, kutokana na neno la uhai, hutangulia zaidi majina ya viongozi na watu mashuhuri. Serikali ilitaka kumfanya hayati. Baba alimrudisha kuwa marehemu. Alizikwa kwa faragha ndani ya Australia Zoo, na familia ikabaki na msiba wake.

Msiba wa umma ulipewa siku yake: tarehe 20 Septemba 2006. Hafla ya kumbukumbu ilifanyika katika uwanja wa maonyesho wa hifadhi hiyo, ujulikanao kama Crocoseum, mbele ya watu wapatao 5,500, na kurushwa moja kwa moja na runinga. Waziri Mkuu John Howard alizungumza kwa niaba ya taifa. Mwanamuziki John Williamson aliimba. Mwishoni gari la kazi la marehemu lilipakiwa vifaa vyake na kuendeshwa taratibu kutoka uwanjani, kisha wafanyakazi wakaliandika neno lake kwa maua ya njano ardhini.

Hotuba mbili katika hafla hiyo zinatuhusu zaidi. Ya kwanza ni ya Bindi, aliyekuwa na umri wa miaka minane. Alimwita baba yake shujaa wake, akasema kwamba kazi yake ya kuwaokoa wanyama haipaswi kukoma. Hotuba hii inatimiza dhima mbili ambazo mbolezi za Kiafrika huzitimiza: kumsifu aliyeondoka na kuupokea wosia wake mbele ya mashahidi. Tena, msemaji alikuwa mfiwa wa kwanza kabisa, mtoto, lakini alisema na umma kama wenzi wa msiba. Watazamaji walipewa nafasi ambayo hawakuwa nayo wiki mbili zilizotangulia.

Hotuba ya pili ni ya Bob Irwin. Aliwaomba watu wasimlilie Steve, kwa kuwa yeye amekwisha kupumzika. Wawalilie wanyama, kwa sababu wao wamempoteza rafiki mkubwa kuliko wote waliopata kuwa naye, na yeye, baba, amempoteza vilevile. Kwa kauli hiyo orodha ya wafiwa iliandikwa upya. Wanyama wamefiwa. Katika Kiswahili sentensi hiyo inasimama bila tatizo la upatanisho, na inaweka kiima kimoja juu ya mamba, nyoka, mzee aliyempoteza mwanawe na umma uliokuwa ukisikiliza.

7. Taa waliouawa

Katika siku zilizofuata kifo hicho, taa wasiopungua 10 walikutwa wamekufa kwenye fukwe za Queensland, baadhi yao wakiwa wamekatwa mikia. Watu wengi waliamini kwamba kilikuwa kisasi. Asasi ya hifadhi aliyoiasisi Irwin ililaani kitendo hicho na kueleza kwamba ni kinyume cha yote aliyoyasimamia.

Tukio hili linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu linaonyesha hatari iliyomo katika kufiwa na mtu wa runinga. Katika kufiwa halisi, kitenzi hakina mtendaji wa kulaumiwa. Kama ilivyo kwa kunyeshewa na kuchwewa, kufiwa ni kukutwa na jambo. Aliyenyeshewa hana ugomvi na wingu. Aliyemkata taa mkia aliibadili kauli hiyo: badala ya Tumefiwa, alisema Ameuawa, na kuuawa kunamdai muuaji. Akamtafuta muuaji katika kundi zima la samaki ambao hawakuwa na habari naye.

Kosa hilo ni la huzuni iliyokosa malezi. Mfiwa wa kawaida hukaa katikati ya watu wanaomzuia asifanye jambo la hasira. Wazee humkumbusha ahadi ya Mungu. Jirani humshika mkono. Marafiki wa marehemu humweleza marehemu alikuwa akitaka nini. Mfiwa wa runinga yuko peke yake na picha. Kama mauaji hayo yalikuwa kisasi kweli, waliofanya hivyo walimlilia Irwin kwa kuwaua wafiwa wenzao, ikiwa tutakubali orodha ya wafiwa aliyoitoa Bob Irwin.

8. Marehemu katika njeo ya sasa

Jambo la mwisho ni njeo. Kwa kawaida kifo huhamisha vitenzi vyote vya mtu: anacheka inakuwa alicheka, hupenda inakuwa alipenda. Kosa la kusema hupenda mbele ya mfiwa, na kujisahihisha, ni sehemu ya uzoefu wa kila msiba. Runinga haifanyi uhamisho huo. Filamu aliyokuwa akiitengeneza Irwin ilionyeshwa Januari 2007, na kipindi cha binti yake kilichoanza mwaka huohuo kilikuwa na picha za baba akiwa hai. Ndani yake ananong'ona, anakimbia, anashangaa, yote katika -na-.

Australia yenyewe ina mila inayolitazama jambo hili kwa namna nyingine. Katika jamii nyingi za Wenyeji wa Asili wa nchi hiyo na wa Visiwa vya Torres Strait, jina na sura ya mtu aliyekufa huepukwa kwa muda, kwa heshima yake na kwa ajili ya amani ya wafiwa. Kwa sababu hiyo runinga za Australia hutanguliza tahadhari kwamba kipindi kinaweza kuonyesha picha za watu waliokwisha kufariki. Tahadhari hiyo inakiri jambo ambalo watazamaji wengine hulisahau: kwamba kumwona marehemu akisema si jambo dogo.

Familia ya Irwin ilichora mpaka wake. Picha za kuonekana hai ziliendelea kuonyeshwa. Picha za dakika zake za mwisho, ambazo kamera ilizinasa, hazikutangazwa. Mpaka huo uliwekwa penye tofauti kati ya kumfanya mtu aendelee kusema na kumfanya aendelee kufa. Njeo ya sasa ikitumika kwa la kwanza inafariji. Ikitumika kwa la pili inaurudia msiba kila mara kitufe kinapobonyezwa.

Fasihi ya Kiswahili ilikwishaonyesha faraja na mipaka ya kusema na marehemu kana kwamba yuko. Shaaban Robert, katika shairi lake la kumlilia mkewe, Amina, anamwelekea moja kwa moja katika nafsi ya pili. Lakini katika shairi ni mfiwa anayesema na marehemu ni kimya. Katika runinga mambo yamepinduka: marehemu ndiye anayesema, na mfiwa ndiye aliye kimya.

9. Hitimisho

Tulianza kwa kuuliza kama waliomlilia Steve Irwin bila kumjua walikuwa wafiwa. Uchambuzi wa kitenzi kufia umetuonyesha kwamba swali hilo lina sehemu tatu, na kwamba umma ulizijadili zote: alifia wapi, alilifia jambo gani, alimfia nani. Jibu la sehemu ya tatu ni kwamba aliwafia pia watu ambao runinga iliwaingiza katika eneo la uhusiano wake kwa nafsi ya pili, kwa nyumba yake na kwa neno lake. Huzuni yao haikuwa ya bandia. Ilikuwa na upungufu mmoja: haikuwa na matanga.

Jina lake limebaki katika barabara inayofika kwenye hifadhi yake, iitwayo Steve Irwin Way; katika eneo la hifadhi huko Cape York; na katika jina la kisayansi la konokono mmoja wa nchi kavu, Crikey steveirwini, aliyeainishwa mwaka 2009. Kila tarehe 15 Novemba hufanyika kumbukumbu yake. Mambo hayo yanaweza kutazamwa kama matanga yaliyocheleweshwa, mahali na siku ambapo mfiwa wa mbali anaruhusiwa kuambiwa pole.

Kwa watafiti wa Kiswahili, suala hili lina mwendelezo wa karibu. Wasemaji wa lugha yetu nao wanazidi kufiwa na waimbaji, watangazaji na waigizaji ambao hawakuwahi kuwapa mkono. Ingefaa kuchunguza, katika matini halisi za maombolezo ya namna hiyo, ni lini wasemaji wanachagua tumefiwa, ni lini wanachagua tumempoteza, na ni lini wanarudi nyuma na kusema tu tunatoa rambirambi. Katika uchaguzi huo wa kitenzi, kila msemaji anajiwekea mahali pake pa kukaa msibani.